Mchuzi wa Kabla ya Pilipili

Jumatatu ile tajiri, mwenye duka la mchuzi, alikuja dukani na rundo la kadi, akamwambia mfungaji wa chakula aweke moja juu ya kila kopo litakalotoka. Kadi ilikuwa na maswali mawili tu. Kwa nini unanunua mchuzi hapa? Ungekuwa tayari kulipa mpaka kiasi gani? Mteja aliombwa ajibu, kisha aitumbukize kwenye boksi la sukari lililowekwa dirishani.

Duka lenyewe ni dogo. Mbele kuna dirisha la kuuzia linalotazama barabara, na ndani yake meza, mizani na makopo ya plastiki yaliyopangwa mpaka karibu na dari. Nyuma ni jiko. Kati ya jiko na mbele kuna ukuta wenye kidirisha cha upana wa mikono miwili. Oda huingia kupitia hapo na chakula hutoka kupitia hapo. Hakuna kiti hata kimoja cha mteja. Anayekuja huchukua mchuzi na wali wake akaenda zake.

Mpishi ni mwanamke wa miaka hamsini na minane, ambaye pale dukani wanamwita Bi Mwiko. Amekaa nyuma ya ukuta huo miaka tisa. Tajiri hapendi mpishi aonekane mbele na aproni yenye madoa ya bizari, naye hajawahi kuona sababu ya kwenda huko. Anafika saa mbili asubuhi, anaondoka saa kumi na mbili jioni. Mchuzi wake ni ule wa kusubiri: vitunguu vinakaangwa mpaka vinakuwa rangi ya mbao, nyanya zinapondeka zenyewe bila kulazimishwa, viungo vinaingia kimoja baada ya kingine, halafu kuku. Pilipili iliyotwangwa huingia mwisho kabisa, sufuria ikiwa karibu kuepuliwa.

Asubuhi ya Jumanne, wakati vitunguu vikimenywa, mfungaji alizisoma kadi za jana kwa sauti. Huyu ni mwanamke mcheshi ambaye ndiye muuzaji pia, aliyeolewa mara mbili na asiyeficha lolote kuhusu ndoa zote mbili. Karani mmoja alikuwa amepiga hesabu ya gesi, vitunguu na muda wake, akaona kununua ni nafuu kuliko kupika, ila bei ikipanda kwa thamani ya kiberiti tu atarudi jikoni kwake. Mwingine aliandika kwamba mkewe anapika vizuri sana, lakini anapika huku akimhesabia makosa.

"Huyu namjua," mfungaji alisema. "Hajaoa."

Wengine walisema duka liko karibu na kituo cha basi. Wengine walisema harufu huwafuata mpaka ofisini, hata mikono inakataa kuandika. Mmoja alijibu kwamba atalipa chochote, lakini si wiki hii. Kisha ikaja kadi ya mtu mwenye mwandiko wa kutetemeka: "Nimezoea kupika sufuria ya watu watano na sasa nimebaki peke yangu. Kopo lenu linanitosha." Kwenye swali la bei hakuandika kitu. Hiyo mfungaji aliiweka pembeni bila mzaha.

Bi Mwiko alisikiliza zote, akimenya. Alikuwa anangoja kadi moja tu, na hiyo isingekuja kabla ya Alhamisi.

Sina budi kueleza kisa cha kungoja kwake, nacho hakimpi sifa.

Mumewe alifariki binti yao akiwa na miaka minne. Hawakuwa na mtoto mwingine. Alimlea kwa kupika: kwanza kwenye bweni la shule, kisha kwenye kantini ya kiwanda, mwisho hapa. Binti alikuwa hawezi pilipili. Ilimtoa machozi, na akilia alikataa kula mpaka kesho yake. Basi kila mama alipopika, kabla hajatia pilipili, alichota kwanza sehemu ya mtoto, akaifunika kwa sahani na kuiweka kando. Nyumbani kwao sehemu hiyo iliitwa mchuzi wa kabla. Binti alikua, akaenda chuo kusomea uhasibu, na bado alikuwa akiingia jikoni na kuuliza, "Mama, wa kabla umeshachota?"

Mama alikuwa na mipango. Alitaka mkwe wa ofisini, mwenye shati jeupe na kalamu mfukoni. Badala yake binti akamleta fundi wa majokofu, kijana mpole mwenye mkoba wa spana, ambaye alivua viatu mlangoni na kuuliza kama friji ya mama haitoi maji chini. Ilikuwa inatoa. Aliitengeneza siku ileile, akakataa malipo. Mama hakumsamehe hata hilo. Alisema yule ni mtu wa kula pale tu wenzake wanapoharibikiwa, na mwanawe hakusoma ili akasubiri vya watu viharibike.

Walibishana miezi mitatu. Siku ya mwisho binti alikuwa amesimama na sanduku, na mama akasema maneno ambayo mtu hapaswi kumwambia mtoto wake, hata awe na haki kiasi gani. Naye haki hakuwa nayo.

"Ukitoka na huyo, usirudi hapa kuniomba hata mchuzi."

Binti alitoka. Wakaoana bila mama kuwepo. Alipeleka taarifa, mama hakujibu. Akapeleka ya pili walipohamia upande wa pili wa mji, mwendo wa mabasi mawili, nayo haikujibiwa. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia. Mama aliwaambia majirani kwamba mtoto amekuwa na kazi nyingi. Uongo wa namna hiyo watu huuita kulinda heshima. Mimi nauita kiburi, na kiburi hicho kilimnyima usingizi kuliko umaskini wote aliowahi kuuona.

Halafu, Alhamisi moja saa kumi alasiri, mfungaji aliinama kwenye kidirisha.

"Dada, kuna mteja anataka kuku, wa kabla. Ndiyo nini hiyo?"

Mwiko ulisimama katikati ya sufuria. Hakuna nyumba nyingine duniani iliyoita mchuzi kwa jina hilo. Sufuria ya alasiri ilikuwa bado haijatiwa pilipili. Bi Mwiko alichota kopo moja, akachagua paja na shingo, vipande ambavyo binti yake alivipenda, akafunika na kulisukuma kopo kidirishani.

"Ni mchuzi usio na pilipili," alisema. "Akija tena mpe."

Alikuwa mbali na dirisha kwa hatua sita. Hakwenda. Alijiambia kwamba binti akitaka kumwona atasema. Alijiambia pia kwamba mkono wake ulikuwa na mafuta.

Mteja alikuja Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata tena, kwa zaidi ya miaka miwili. Bi Mwiko hakumuuliza mfungaji lolote juu yake, si umbo, si mavazi, maana kuuliza kungekuwa kukiri. Ila siku ya Alhamisi alifunga kilemba kipya, ingawa hakuna aliyekiona zaidi ya vitunguu, na sufuria ya alasiri hakuitia pilipili mpaka saa kumi ipite, ili mtu asije akakuta imeshaingia. Alikuwa amemkataza mwanawe kuomba, na mwanawe alitii neno kwa neno. Haombi. Ananunua. Ananunua kwa bei ileile ya karani na mpita njia chakula alichopewa bure miaka ishirini, na mama anaruhusu pesa hiyo iingie kwenye droo ya tajiri.

Miezi saba kabla ya Jumatatu ya kadi, oda ilibadilika.

"Wa kabla, mawili," mfungaji alisema. "Moja kubwa, moja dogo."

Bi Mwiko aliuliza dogo kiasi gani. Aliambiwa lile la kachumbari, dogo kuliko yote. Mtu mzima halishwi na kopo la kachumbari. Alitoa kipande cha kifua, akakichambua kwa vidole nyuzi kwa nyuzi, akapekua kama kuna mfupa hata wa unene wa sindano, akamwagia rojo jepesi. Tangu siku hiyo kila Alhamisi aliliandaa kopo dogo kwa mikono yake mwenyewe na hakumruhusu mtu kuligusa. Hakujua kama mjukuu ni wa kike au wa kiume. Alijua tu kwamba ana meno, na kwamba hapewi pilipili.

Jumatano ya wiki ile ya kadi, tajiri alileta ndoo tatu. Ndani yake mlikuwa na rojo lililopikwa kiwandani, zito, jekundu, lenye kila kitu ndani: kitunguu, nyanya, bizari na pilipili. Unachemsha maji, unatia rojo, unatia kuku, dakika ishirini umemaliza. Tajiri si mtu mbaya. Gesi imepanda, kodi imepanda, na kadi zilimwambia kwamba wateja wake wengi wataondoka bei ikiongezeka kidogo tu. Kama bei haipandi, basi gharama ishuke. Majaribio yangeanza kesho, Alhamisi, siku nzima.

Bi Mwiko alionja kwa ncha ya kijiko. Pilipili ilikuwa imo, imeshikana na kila kitu. Huwezi kuitoa, na huwezi kuchota kabla yake, kwa sababu hakuna kabla.

Alimwomba tajiri amwachie sufuria moja ndogo ya zamani, ya alasiri tu. Tajiri akauliza ni wateja wangapi wanaotaka mchuzi usio na pilipili.

"Mmoja," alisema.

"Mama, mteja mmoja unataka nimwashie gesi kwa saa tatu nzima?"

Hapo ndipo angeweza kusema, "Ni mwanangu." Maneno mawili. Tajiri ana watoto, angeelewa, angeguna na kuwasha gesi kwa mkono wake mwenyewe. Bi Mwiko alikunja kitambaa cha meza na kusema sawa.

Usiku ule alilala akifikiria mteja anaambiwa hakuna. Angeondoka. Asingerudi, kwa sababu ni nani apande mabasi mawili kufuata rojo la ndoo? Na yeye asingekuwa na haki ya kumtafuta, kwa kuwa hakuna kilichobaki kati yao isipokuwa kopo moja kubwa na moja dogo.

Alhamisi walipika cha ndoo. Mchana watu walikuja kama kawaida. Wawili walirudi kulalamika. Waliobaki walikula na hawakusema kitu, jambo ambalo mpaka leo linanikera, lakini ndivyo ilivyokuwa. Saa kumi ilipofika, mfungaji aliinama kwenye kidirisha, akazungumza kwa sauti ya chini, maana mfungaji huyu anayependa mzaha si mjinga, na miaka miwili alikuwa amenyamaza kwa makusudi.

"Dada, amekuja. Nimwambie nini?"

"Mwambie asubiri."

Bi Mwiko aliivua aproni. Aliivaa tena, kwa kuwa gauni la ndani lilikuwa limechanika kwapani. Akafungua mlango wa pembeni ambao hufunguliwa tu wakati wa kutoa taka, akazunguka ukuta, akatokea mbele ya dirisha, barabarani, mahali wanaposimama wateja.

Binti yake hakuwepo. Alikuwepo mwanamume mwenye mkoba wa spana begani na vumbi la kazi kwenye nyusi. Ilimchukua muda kumtambua, kwa sababu katika miaka minne hakuwahi kumfikiria na sura; alimfikiria na mkoba tu.

"Shikamoo, mama," alisema fundi wa majokofu.

Aliitikia.

"Yeye yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Hajawahi kuja hapa."

"Hata siku moja?"

"Hata moja. Anasema alikatazwa kuomba, na akisimama hapa ataomba." Alihamisha mkoba bega la pili. "Mimi sikukatazwa kununua. Alhamisi moja nilikuwa na kazi kwenye vyumba vya barafu upande huu, nikasikia watu wanasifu mchuzi. Nikaonja. Ulikuwa mkali, ninavyopenda mimi, lakini nilijua ni ule anaousimulia."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mtu ambaye mama alisema anaishi kwa kuharibikiwa kwa wenzake alikuwa amelipa nauli mbili za kuja na mbili za kurudi kila Alhamisi, na bei ya mchuzi juu yake, kutoka kwenye ujira wa kukaza mabomba, ili mkewe ale chakula cha mama yake bila kuvunja neno la mama yake. Hakuna aliyemtuma. Kadi aliyopewa na mfungaji alipokuwa anasubiri alikuwa nayo mkononi, haijaandikwa kitu.

"Mara ya kwanza nilipompelekea alisemaje?" mama aliuliza, na akasahihisha, "Ulipompelekea."

"Alikula akamaliza, akaosha kopo. Makopo yote ameyaweka. Kabati halifungiki." Alitabasamu kidogo. "Lile dogo akilifungua, analisogeza kwenye mwanga kwanza. Anaona jinsi nyama ilivyochambuliwa."

"Ni wa kike?"

"Wa kike. Mwaka na miezi mitatu. Anakula kwa mikono miwili, na akishiba anajipaka kinachobaki."

Bi Mwiko aliangalia barabara. Watu wawili walikuwa wamepanga foleni nyuma ya fundi na walikuwa wanasikiliza bila aibu yoyote. Mfungaji aliwaambia kutoka dirishani kwamba kama wana haraka waende, na kama hawana wafunge masikio.

"Leo wa kabla hakuna," mama alisema. "Wameleta wa ndoo. Pilipili iko ndani. Na kuanzia sasa utakuwa ni huu."

"Basi nitamwambia hakuna."

"Usimwambie hivyo." Alishika ukingo wa dirisha. "Mwambie mama yake anaomba. Sema hivyo hivyo, anaomba. Aniruhusu nije nipike kwake mara moja. Akikataa, ana haki."

Fundi hakuharakisha kumfariji. Nampa heshima kwa hilo. Mwingine angempa jibu ambalo si lake.

"Nitamwambia, mama. Lakini jibu ni lake."

Aliondoka mikono mitupu, kwa mara ya kwanza.

Wiki iliyofuata ilikuwa ndefu. Rojo la ndoo lilibaki dukani na liko mpaka leo, kwa sababu hesabu ya tajiri ilikubali. Bi Mwiko alichemsha maji, akatia rojo, akatia kuku. Kazi ya saa tatu ilikuwa imekuwa ya dakika ishirini, na muda uliobaki hakuwa na mahali pa kuuweka. Alifuta meza iliyokwisha kufutwa. Kadi ziliendelea kuja na mfungaji aliendelea kuzisoma, moja ikidai mchuzi wa siku hizi una ladha ya mvuke wa basi, lakini Bi Mwiko hakucheka wala kuuliza. Alikuwa anasikiliza barabara.

Alhamisi, saa kumi ilifika na ikapita. Saa kumi na nusu mfungaji alianza kupanga makopo upya. Ilipokaribia saa kumi na moja, kadi moja ilipitishwa kwenye kidirisha badala ya oda.

"Amesema basi liliharibika njiani," mfungaji alisema. "Akalitengeneza, ndipo likaja."

Mwandiko ulikuwa wa binti yake, wa kiuhasibu, ulionyooka, kila herufi imekaa mahali pake. Chini ya swali la kwanza, kwa nini unanunua mchuzi hapa, aliandika: "Kwa sababu nilikatazwa kuomba." Chini ya la pili, ungekuwa tayari kulipa mpaka kiasi gani, aliandika: "Nimekwisha kulipa vya kutosha." Halafu, pembezoni, kwa herufi ndogo zaidi: "Nyumba ya tatu kutoka duka la dawa. Jumapili. Uje na sufuria, yangu ni ndogo."

Bi Mwiko aliisoma mara nyingi. Hakuna neno la msamaha katika kadi ile, na hakulitafuta. Aliiweka ndani ya kilemba.

Jumapili asubuhi alitoka kwake na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, ndani yake vitunguu, nyanya, kuku mzima na viungo vilivyokunjwa kila kimoja kwenye karatasi yake. Pilipili hakuiweka pamoja na vile vingine. Alikuwa ameitwanga alfajiri, akaitia kwenye kichupa peke yake na kukaza kifuniko, akakibeba mfukoni mwa gauni. Hiyo ilikuwa ya mkwe wake, mtu ambaye kwa miaka miwili alikuwa amenunua mchuzi wa kabla ingawa mwenyewe anapenda mkali. Angetiwa pilipili kwenye sahani yake, apendavyo, wengine wakishachotewa.

Kwenye basi la pili aliketi dirishani, sufuria mapajani, akihesabu vituo.